Kwa nini miezi sita, na kwa nini uji mtupu hautoshi

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Lindi, swali la lini mtoto aanze kula huulizwa mapema mno, na swali la aanze na nini karibu haliulizwi kabisa, kwa sababu kila mtu anaamini kuwa jibu lake linajulikana: ni uji. Binti yetu alipokaribia kutimiza miezi mitatu, na mke wangu akijiandaa kurudi kazini, maswali yote mawili yaliingia nyumbani kwa pamoja. Nilisoma nilichoweza kukipata, niliwauliza wauguzi wa kliniki, nikawasikiliza wazazi wenzangu wa mjini na wa vijijini, na hatimaye nikaelewa jambo moja ambalo ningependa kila mzazi wa kusini alielewe: sababu inayotufanya tumwanzishie mtoto chakula akitimiza miezi sita ndiyo hiyo hiyo inayotuambia chakula hicho kiwe cha namna gani. Anayeijua sababu hawezi kuridhika na uji mweupe mwembamba, hata kama ameuanza siku ile ile aliyoelekezwa kliniki.

Nianze na haraka yetu, maana ina mizizi mingi. Mtoto akilia jioni mfululizo, jirani husema maziwa ya mama hayamtoshi, na neno hilo likishasemwa mbele ya mama aliyechoka ni vigumu kulifuta. Mama mwenyewe huwa ameona matiti yake yamelainika tofauti na wiki za mwanzo, na hulichukulia hilo kuwa ushahidi, ilhali ni jambo la kawaida, kwa kuwa mwili umeshazoea kutengeneza kiasi kile ambacho mtoto hukinyonya. Maziwa hutoka kwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto akipewa uji, tumbo lake hujaa, hunyonya kidogo, na maziwa hupungua kweli, hivyo hofu ambayo haikuwa na msingi hujitengenezea msingi wake yenyewe. Ukimya wa mtoto hauwezi kuwa kipimo cha shibe. Vipimo vinavyoaminika ni mkojo, ambao kwa mtoto anayenyonya vizuri hutoka si chini ya mara 6 kwa siku, na mstari wa uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki.

Halafu kuna joto. Anayeishi Lindi mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijatulia, hawezi kumlaumu bibi anayemhurumia mjukuu wake na kumpa maji kwa kijiko. Hata hivyo, maziwa ya mama ni maji kwa kiasi cha asilimia 87 au 88, na mtoto anayenyonya kila anapotaka hakosi maji hata jua likiwa kali namna gani. Maji anayopewa pembeni huchukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo, na mara nyingi huleta vimelea vya kuhara. Kwa ndugu zetu wa uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya shida na hulazimika kuwekwa kwenye vyombo kwa siku nyingi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Dawa za chango zinazochemshwa kwa mizizi na majani zina tatizo lile lile, pamoja na lingine la kutojulikana kipimo chake. Na wapo wanaomwachisha mtoto ziwa haraka na kumtia kwenye uji kwa kuogopa kumbemenda, yaani imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika wazazi wakikutana kimwili, hasa mama akishika mimba nyingine. Ningewasihi wazungumze na muuguzi kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu kwa mimba iliyo salama kunyonyesha huweza kuendelea, na anayepata hasara ya uamuzi huo wa ghafla ni mtoto.

Sababu inayowabana wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na siku 84 hazifikii hata miezi mitatu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku, na hili ndilo wengi hawalifahamu au wanaona aibu kulidai. Mke wangu alilidai, na kwa kuwa Lindi mjini si mji wa umbali mrefu, aliweza kurudi nyumbani mchana. Maziwa aliyokamua asubuhi tuliyahifadhi kwenye friji, ambako hukaa salama hadi siku 4. Nje ya friji hayafai kupita saa 4, na kwa joto la pwani ni busara kuyatumia mapema kuliko hapo. Mtoto alinyweshwa kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kwa sababu chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha na ni maficho ya vimelea.

Lakini mama wa shambani hana mwajiri wa kumdai saa 2. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huamka alfajiri kwenda kuokota, na mtoto wa miezi minne huachwa na dada yake wa miaka tisa pamoja na chupa ya chai iliyojaa uji. Kumwambia mama huyo kwamba anakosea bila kumwambia nani atamshika mtoto pembezoni mwa shamba ili amnyonyeshe si kumsaidia. Nimeona familia zinazokwenda shambani na mtoto na bibi yake wakakaa chini ya mkorosho, na mama akawa anarejea kunyonyesha kila anapojaza ndoo. Jambo hilo linawezekana pale ambapo baba na wakwe wamelikubali kabla msimu haujaanza.

Mama mkwe wangu, aliyetoka Masasi kuja kumwangalia bintiye, alikuja na mfuko wa unga wa mtama, na mtoto alipofikisha mwezi wa nne alisema muda umefika. Kwa desturi zetu mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wake kumbishia habari za jikoni, na sikuthubutu. Mazungumzo yalipitia kwa mke wangu, kisha kwa shemeji yangu mkubwa, ambaye mama humsikiliza. Shemeji aliporudi na majibu, alikuja na maneno haya: “Mama anasema wao kliniki waliambiwa miezi minne. Je, kliniki ya zamani ilikuwa ya uongo?”

Hilo ni swali la haki, na jibu lake lilinifundisha heshima. Mama mkwe hakubuni miezi minne. Kwa miaka mingi ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kwamba mtoto aanze kula kati ya miezi 4 na 6, na ni mwaka 2001 ndipo Baraza la Afya Duniani, baada ya kupitiwa upya kwa tafiti, lilipotamka kuwa mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 kamili, ndipo aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mke wangu, aliyezaliwa kabla ya hapo, alilelewa kwa ushauri wa wakati wake. Tulipomweleza mama kwamba waliomshauri hawakumdanganya, ila elimu imeongezeka, alinyamaza kidogo kisha akauliza unga wake utunzwe wapi usiingie wadudu. Ninadhani watoa ushauri wengi hukosa kusikilizwa na bibi zetu kwa sababu huwaambia walikosea, wakati ukweli ni kwamba walitii.

Sasa, kwa nini sita? Upande mmoja ni wa kinga. Mtoto anayepewa chakula au maji mapema huugua kuhara zaidi kuliko anayenyonya tu, na kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, kuchanganya maziwa yake na vyakula vingine katika miezi hiyo ya mwanzo ni jambo ambalo wauguzi hulikataza kwa msisitizo, naye hushauriwa anyonyeshe maziwa pekee huku akitumia dawa zake bila kukosa. Upande wa pili ni wa mwili wa mtoto kuwa tayari. Mtoto mdogo akiwekewa kitu mdomoni hukisukuma nje kwa ulimi. Si ukaidi, ni namna alivyoumbwa ili asipaliwe. Tabia hiyo hupungua kati ya mwezi wa nne na wa sita. Karibu na miezi 6 huweza kushikilia kichwa chake bila kuyumba, hukaa akiegemezwa, hufuata kwa macho mkono unaopeleka tonge mdomoni, na hunyoosha wake kulidaka. Meno hayamo katika masharti haya. Wapo wanaosubiri meno hadi mwezi wa nane au wa tisa, na kuchelewa huko kuna madhara yake, kwa sababu ya upande wa tatu, ambao ndio kiini cha ninachotaka kusema.

Upande huo ni upungufu. Maziwa ya mama hayaharibiki wala hayawi maji baada ya miezi 6, kama baadhi ya watu wanavyosema. Ni mtoto aliyekua akayazidi mahitaji. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku zaidi ya zile anazozipata kwenye maziwa; wa miezi 9 hadi 11 huhitaji 300, na wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji 550. Pamoja na nguvu, kuna madini ya chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja duniani na akiba ya madini hayo aliyoikusanya tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na akiba hiyo humfikisha karibu na miezi 6. Maziwa ya mama yana madini ya chuma kidogo sana, ingawa hayo machache hufyonzwa vizuri. Mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito pungufu huja na akiba ndogo, na ndiyo maana huyo huhitaji mpango wake mwenyewe kutoka kwa daktari. Akiba ikiisha, damu hupungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika hilo, lakini bakuli la mtoto nalo lina sehemu yake.

Kipimo kimoja kilinishtua. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za madini ya chuma kwa siku, wakati mwanamume mzima anahitaji 8. Yaani binti yangu, ambaye nilikuwa nikimbeba kwa mkono mmoja, alihitaji madini ya chuma zaidi yangu mimi ninayekula sahani nzima ya ugali na samaki.

Mzazi akilijua hilo, akirudi kuutazama uji mweupe wa sembe au wa muhogo ataona kwamba haujibu swali lililosababisha uanzishwe. Chukua uji mwembamba wenye gramu 5 za unga kwa kila mililita 100 za maji: nguvu yake haifiki kilokalori 20. Ili mtoto apate zile 200 anazohitaji angepaswa kunywa zaidi ya lita nzima kwa siku, na tumbo lake hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, ambazo kwa mtoto wa kilo 7 ni kama mililita 210 tu kwa mlo. Hujaa kabla hajashiba. Sukari inayoongezwa humfanya aumalize haraka, lakini haimpi madini wala protini. Kwa hiyo uji wa mtoto unapaswa kuwa mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haudondoki kwa haraka, na ndani yake kuwe na kitu kingine.

Hapa ndipo unga wa mtama wa mama mkwe ulipopata heshima yake. Mama anajua kuotesha mtama, kwa kuwa kimea ni kitu ambacho wanawake wa umri wake wamekitengeneza tangu ujana. Mtama hulowekwa, huoteshwa kwa siku chache, hukaushwa, vichipukizi na vimizizi husuguliwa vikatoka vyote, na hili la mwisho ni la lazima kwa sababu chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi, kisha husagwa. Uji ukipikwa mzito sana na kupoa kidogo, kijiko kimoja cha unga wa kimea huulainisha bila kuongeza maji, kwa kuwa kimea huvunjavunja wanga, halafu uji hurudishwa jikoni uchemke tena. Mtoto hupata uji wenye nguvu ya uji mzito na ulaini wa uji mwepesi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe wa hapa nchini walilichunguza jambo hili na kuliandikia, na nasikitika kwamba leo vijana wengi wa mjini hawalijui, ilhali maduka yamejaa unga wa lishe wa mifuko.

Kuhusu unga wa lishe huo nina neno, na ninalisema kwa nia njema, kwa kuwa wanaouuza wengi ni akina mama wanaotafuta riziki. Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, korosho na mbegu za maboga vikisagwa pamoja na kukaa mwezi mzima kwenye kopo, mafuta ya karanga na korosho huchacha, na ikiwa karanga zilikuwa na ukungu, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, huenea katika unga wote. Soya nayo isipochemshwa au kukaangwa sawasawa kabla ya kusagwa humsumbua mtoto tumbo. Tena nafaka nne katika uji mmoja bado ni nafaka; hazimwongezei mtoto kundi jipya la chakula. Ni bora unga wa nafaka moja au mbili, na vile vingine viongezwe vikiwa vipya siku ile ile ya kupika.

Na vya kuongeza kusini tunavyo. Dagaa wakioshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa hadi wawe unga laini, kijiko kimoja hubadilisha uji au viazi vilivyopondwa. Samaki wa kuchemsha, mnofu uliochambuliwa miiba kwa vidole mara mbili, anafaa tangu mwanzo. Sioni kwa nini mtoto wa Kilwa Kivinje au Mikindani aanze maisha kwa sembe tupu wakati baba yake amerudi na ndoo ya vibua. Maini, hata kipande kidogo mara moja kwa wiki, yana madini ya chuma na vitamini A kwa wingi. Yai lililoiva kabisa, pamoja na kiini chake na ute wake, halina haja ya kusubiri mwaka. Mbaazi, kunde na choroko, ambazo Lindi na Mtwara tunazilima kwa wingi hadi tunauza nje, zikilowekwa usiku, zikamenywa ganda na kupondwa kwa tui la nazi, ni chakula ambacho binti yetu alikipenda kuliko vyote. Madini ya chuma ya kwenye kunde na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C huyasaidia, hivyo kijiko cha embe, papai, chungwa au maji ya bibo lililoiva baada ya mlo si anasa. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, maana huyazuia. Na chai ya rangi na andazi ndicho kifungua kinywa ninachokiona mikononi mwa watoto wa miezi minane katika mitaa yetu kila asubuhi.

Karanga zinahitaji maelezo yake. Zamani wazazi waliambiwa wazicheleweshe kwa kuogopa mzio. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio ulionyesha kwamba waliopewa vyakula vya karanga mapema walipata mzio huo kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Hofu yetu huku, kwa maoni yangu, ielekezwe zaidi kwenye ukungu. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye unyevu zichambuliwe na kutupwa, na wala asipewe mtu wala kuku, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Na si karanga wala korosho inayopaswa kutolewa nzima au vipande. Zisagwe hadi ziwe laini kabisa, kwani mtoto hupaliwa nazo kwa urahisi, hata aliyekwisha kuota meno. Asali nayo isubiri mwaka mmoja utimie, kwa sababu huweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupooza ambayo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuwazuia.

Muhogo siutukani, umetulea. Lakini una protini kidogo mno, na muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sianidi. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, umewahi kuwapata watu wa kusini mwa nchi yetu miaka ya njaa walipoharakisha kula muhogo usioandaliwa vizuri. Makopa yaliyokaushwa vizuri yanaweza kuwa sehemu ya uji wa mtoto mradi yasiwe peke yake, na kadiri muhogo unavyokuwa mwingi ndivyo dagaa, kunde na yai vinavyopaswa kuongezeka.

Kuna jambo la majira ambalo sijalisikia likizungumzwa vya kutosha. Mtoto anayetimiza miezi 6 mwezi wa Novemba anaanza kula wakati fedha za mnada wa korosho zinaingia, maembe yapo na soko limejaa. Anayetimiza mwezi wa Februari anaanza kula wakati ghala limepungua, mama yuko kwenye palizi tangu alfajiri, na mboga pekee iliyo karibu ni majani ya msimu. Watoto hawa wawili wanaishi kijiji kimoja, lakini miezi yao ya kwanza ya kula haifanani hata kidogo. Na miezi hiyo ina uzito, kwa sababu udumavu hujengeka zaidi kati ya mwezi wa sita na mwaka wa pili. Kitaifa watoto waliodumaa walikuwa asilimia 34 mwaka 2015–16 na asilimia 30 mwaka 2022, maana yake ni kwamba bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Hapa ndipo ninapowageukia akina baba. Malipo ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaotuuzia korosho, mara nyingi hufika mikononi mwetu, na sote tunajua yanavyotawanyika: bati, pikipiki, sherehe za unyago na jando, madeni ya viuatilifu. Simwambii mtu asiezeke nyumba. Ninasema kwamba baba ambaye mkewe ana mimba katika msimu wa korosho anaweza kuhesabu miezi kwa vidole, akajua mtoto wake ataanza kula lini, na akanunua mapema dagaa wakavu, mbaazi kavu na kuku wawili wa kutaga, vitu ambavyo vitakaa hadi siku hiyo. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bati. Mimi si mkulima, mshahara wangu ni wa mwezi, lakini nililifanya hilo hilo kwa kadiri yangu, na nilijifunza kutwanga dagaa mwenyewe, kazi ambayo mama mkwe aliitazama kwa mshangao ulioishia kuwa ukaribu kati yetu ambao sikuutarajia.

Namna ya kulisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Siku za kwanza vijiko viwili au vitatu vinatosha, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya, kwa kuwa maziwa bado ndiyo chakula chake kikuu. Kufikia miezi 8 milo huwa mitatu, chakula hupondwa kwa uma badala ya kulainishwa kabisa, na mtoto huanza kushika vipande laini mwenyewe. Akitema, ajaribiwe tena siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kuonja kitu mara nyingi kabla ya kukikubali. Kumbana pua na kumnywesha kwa kiganja, kama ilivyofanywa kwa wengi wetu, ni hatari kwa mapafu yake na humfanya akichukie chakula. Awe na bakuli lake, ili ijulikane amekula kiasi gani, maana anayechangia sinia na kaka zake hushindwa mbio.

Usafi nao usitajwe kwa mazoea tu. Uji uliopikwa asubuhi ukawekwa kwenye chupa ya chai hadi jioni hukaa katika uvuguvugu ambao vimelea wanaupenda. Chakula cha mtoto kisikae zaidi ya saa 2 bila friji. Ni afadhali kupika kidogo mara mbili. Mikono ya mlishaji ioshwe kwa sabuni, na ya mtoto pia, kwa sababu naye ameshaanza kutambaa na kuokota.

Akitimiza miezi 6 mtoto hupelekwa kliniki kwa matone ya vitamini A, na akitimiza miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela. Kati ya safari hizo mbili wazazi wengi hupotea, kwa kuwa hakuna sindano, na ndiyo miezi ambayo mstari wa uzito huanza kulala bila mtu kuuona. Mzazi asisubiri chanjo. Ampeleke mtoto kupimwa kila mwezi, au ahudhurie Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapoitishwa, na amwombe muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aweke alama kwenye kadi na kuisoma pamoja naye. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, aeleze bila kuficha mtoto anakula nini, uzito wa uji ukoje, mara ngapi kwa siku, na nani humlisha mchana mama akiwa kazini au shambani, kwa sababu jibu la swali hilo la mwisho mara nyingi ndilo lenye tatizo, na yule anayelisha mchana ndiye anayepaswa kuja kliniki safari inayofuata.